Siri Inapowekwa Mezani: Ujasusi wa Kijeshi Ndani ya NATO

Alfajiri ya Februari 24, 2022, makombora ya kwanza ya Urusi yalipoanguka Ukraine, mkuu wa shirika la ujasusi wa nje la Ujerumani, Bruno Kahl, alikuwa Kyiv. Alikwenda kuzungumza na wenzake wa huko. Anga likafungwa, ikabidi kikosi maalumu kimtoe kwa barabara, katikati ya misururu ya magari ya watu waliokuwa wakikimbia, hadi akavuka mpaka wa Poland. Mtu ambaye mshahara wake ni wa kujua mambo mapema, vita vilimkuta ugenini.

Paris nayo haikuwa na la kujisifia. Siku chache baadaye mkuu wa majeshi ya Ufaransa, Jenerali Thierry Burkhard, aliliambia gazeti la Le Monde kwamba Wamarekani walikuwa wamesema Warusi watashambulia, ilhali wataalamu wake waliona gharama ya kuivamia Ukraine ni kubwa mno na Moscow ingetafuta njia nyingine. Machi haukuisha vizuri kwa Jenerali Éric Vidaud, aliyeongoza ujasusi wa kijeshi wa Ufaransa: aliondolewa.

Kukosea si ajabu katika kazi hiyo. Kinachostahili mhadhara ni kwamba washirika hawa walikuwa wameonyeshwa. Novemba 2021 Avril Haines, wakati huo mkurugenzi wa ujasusi wa taifa wa Marekani, alikwenda Brussels kuwaeleza wawakilishi wa nchi za NATO kinachokuja. Mwezi huohuo mkurugenzi wa CIA, William Burns, alitumwa Moscow. Vifaru vilivyokuwa vikijipanga mpakani vilionekana hata katika picha za setilaiti za makampuni binafsi ambazo mwananchi yeyote mwenye simu aliweza kuzitazama. Kila mmoja aliviona vifaru. Walichotofautiana ni kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja, na hilo setilaiti hailipigi picha.

Tena washirika walikuwa na kumbukumbu. Februari 5, 2003, Colin Powell alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaeleza silaha za Iraq ambazo baadaye hazikuonekana. Sehemu ya maelezo yake kuhusu maabara za vijidudu zilizopakiwa kwenye malori ilitoka kwa mkimbizi wa Kiiraki aliyekuwa mikononi mwa Wajerumani, aliyepewa jina la siri la Curveball, na Wajerumani wenyewe walikuwa na shaka naye. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Miaka 19 baadaye Washington ilipobisha hodi Berlin na Paris na habari nyingine ya vita, ilisikilizwa kwa sikio moja.

Hapo ndipo lilipo swali la mhadhara huu: muungano wa mataifa 32 unapataje kuona pamoja, na kwa wakati, ikiwa kila taifa lina macho yake, kumbukumbu zake na kabati lake la siri?

Watu wengi hudhani NATO ina majasusi wake. Haina. Tangu mkataba ulipotiwa saini Washington, Aprili 4, 1949, na nchi 12, karibu kila habari ya siri inayosomwa katika makao yake imeletwa na nchi mwanachama. Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni kamati ya harusi. Kila mmoja anatangaza mchango wake, jina linaandikwa daftarini, mweka hazina anahesabu. Hakuna anayeulizwa amebakiza kiasi gani nyumbani. Mwenye nacho hutoa kwa mbwembwe, asiyekuwa nacho hutoa kidogo na kula pilau sawasawa na wengine.

Ila mfano huo una mahali unapovunjika. Harusini ukishatoa pesa huzifuati tena. Katika ujasusi habari hubaki mali ya aliyeitoa hata baada ya kuikabidhi. Yeye ndiye anayeamua nani aisome, na aliyeisoma haruhusiwi kumpa mwingine bila kurudi kuomba ruhusa. Wamarekani wana mhuri wa kuzuia karatasi isionwe na mgeni yeyote, hata mgeni huyo awe ndiye aliyelala nao handaki moja. Kisha kuna chumba cha ndani: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, wanaojulikana kama Macho Matano, ambao mizizi yao ni makubaliano ya 1946 kati ya Marekani na Uingereza. Watatu kati yao wamo NATO. Kwa hiyo kila mkutano wa washirika 32 una watu watatu wanaojua kwamba baadaye watazungumza tena, mlango ukiwa umefungwa.

Uchoyo huo una sababu, na si za kubuni. Rainer Rupp, Mjerumani aliyeajiriwa katika makao makuu ya NATO mwaka 1977, alikuwa jasusi wa Ujerumani Mashariki kwa jina la Topaz. Kwa zaidi ya miaka kumi alipiga picha nyaraka za siri kuu na kuzipeleka Berlin Mashariki, na alikamatwa 1993 tu, nchi aliyoitumikia ikiwa imeshafutika kwenye ramani. Herman Simm wa Estonia ni kisa cha kuudhi zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisimamia ulinzi wa nyaraka za siri za nchi yake, zikiwemo za NATO. Alikamatwa Septemba 2008 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 12 na nusu kwa kuwauzia Warusi siri. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila nchi mpya inayoingia NATO huongeza nguo, na kwa afisa wa Washington au London huongeza pia mahali pa kutazama kunguni.

Afghanistan ndiyo iliyouvua muungano huu nguo hadharani. NATO ilichukua amri ya kikosi cha kimataifa huko Agosti 2003. Kilipofikia kilele kilikuwa na zaidi ya askari 130,000 kutoka nchi 51. Karibu kila nchi kubwa ilikuja na mtandao wake wa kompyuta. Afisa wa ujasusi angeweza kukaa mezani akiwa amezungukwa na skrini kadhaa zisizozungumza, akisoma habari kwenye moja na kuichapa upya kwenye nyingine kwa vidole vyake, herufi kwa herufi. Wakati huo mtu aliyetega bomu barabarani alikuwa na simu moja tu ya mkononi na hakuhitaji kibali cha mtu. Ilichukua hadi 2010 ndipo ukaanza kazi mtandao mmoja wa misheni ya Afghanistan, ambamo kamanda wa Kiitalia na wa Kimarekani waliweza kutazama ramani ileile. Mawazo yake baadaye yaliingizwa katika mpango wa kudumu wa kuunganisha mitandao ya nchi wanachama.

Mwaka huohuo, Januari 2010, lilitoka andiko ambalo majeshi bado yanalinukuu. Meja Jenerali Michael Flynn, aliyekuwa mkuu wa ujasusi Kabul, pamoja na wenzake wawili, Matt Pottinger na Paul Batchelor, waliandika kwamba baada ya miaka minane ya vita ujasusi wao ulikuwa na msaada mdogo sana kwa vita vyenyewe. Ulijua mengi kuhusu watega mabomu na machache mno kuhusu nchi: nani anamiliki shamba, nani anagawa maji, mzee gani akisema wengine wananyamaza. Walipendekeza wachambuzi watoke maofisini na kutembea wilayani kama waandishi wa habari. Utaratibu walioutumia ulikuwa wa kipekee pia, maana badala ya kupitisha karatasi kwa ngazi za jeshi waliichapisha kupitia taasisi ya utafiti ya Washington, kila mtu aisome. Flynn baadaye aliingia katika siasa na misukosuko isiyohusiana na mhadhara huu, lakini ukosoaji wake wa 2010 haukupungua uzito. Vita vya kileo vina droni na setilaiti, na bado swali la nani anagawa maji linaweza kuamua mshindi.

Mfano wa kupashana habari ulio karibu na wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki haukuhusu ardhi. Novemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya mafuta Sirius Star, kusini-mashariki mwa Mombasa, mbali kabisa na ufukwe, ikiwa na takriban mapipa milioni mbili. Manowari zikamiminika. NATO ilikuwa na operesheni yake, iliyoitwa Ocean Shield kuanzia 2009. Umoja wa Ulaya ulikuwa na yake, Wamarekani waliongoza kikosi cha tatu, na nje ya hao kulikuwa na meli za China, India na Urusi, kila moja ikimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kwa kanuni za Brussels hakuna Mchina angeruhusiwa kusoma chochote. Ufumbuzi ukawa mwepesi hadi kuchekesha: mtandao wa kawaida wa intaneti usio na siri, ulioitwa Mercury, ambamo ofisa wa zamu kwenye manowari yoyote aliandika kwa ufupi kwamba meli fulani imefukuzwa na boti mbili, mahali fulani. Makamanda nao walikutana Bahrain mara kwa mara kupangiana zamu. Mkataba wa Djibouti wa 2009 ukaongeza vituo vya kupashana habari Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a.

Wanajeshi waliozoea mihuri walijifunza baharini kitu ambacho hawakukipata Kabul. Habari isiyo na siri ikifika kwa dakika mbili humsaidia nahodha kuliko habari ya siri kuu ikifika kesho yake. Ni kweli kwamba maharamia hawakuwa dola lenye majasusi na wadukuzi, na kisichowezekana kuandikwa mbele ya Mchina hakikuandikwa. Hata hivyo Ocean Shield ilifungwa 2016 utekaji ukiwa umepungua sana. Walinzi wenye silaha waliowekwa juu ya meli wana sehemu kubwa ya sifa hiyo, na Mercury nayo ina yake.

Operesheni ya NATO nchini Libya, 2011, ilifundisha somo la mfukoni. Juni mwaka huo waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliwaambia washirika wa Ulaya mjini Brussels, bila kupaka asali, kwamba kituo cha anga cha NATO nchini Italia kiliundwa kuendesha safari za ndege zaidi ya 300 kwa siku lakini kilikuwa kikihangaika kurusha 150, na kwamba wataalamu wa kuchagua shabaha ilibidi waletwe, wengi wao kutoka Marekani. Ndege walikuwa nazo. Waliokosekana ni watu wa kuwaambia marubani wapige nini.

Mwaka uliofuata kundi la wanachama likaagiza droni tano kubwa, aina ya RQ-4D, zinazoweza kukaa angani zaidi ya saa 30. Ya kwanza ilitua Sigonella, kisiwani Sicily, Novemba 2019. Kisheria ni kitu adimu. Picha inayopigwa na droni ya Uingereza ni ya Waingereza, lakini inayopigwa na droni ya Sigonella ni ya NATO yenyewe, na hakuna wa kuombwa ruhusa. Mfano wa zamani ni ndege za rada za AWACS za Geilenkirchen, Ujerumani, zenye sahani kubwa mgongoni, ambazo zimesajiliwa Luxembourg, nchi ambayo haina hata ndege moja ya kivita. Muungano ulihitaji bendera isiyomtisha mtu.

Kuzivaa upya nguo zilizovuliwa Afghanistan kulianza baada ya Crimea. Februari na Machi 2014 askari wasio na alama waliiteka rasi hiyo huku mabwana wa Brussels wakijadili ni akina nani. Julai mwaka huohuo ndege ya Malaysia MH17 ikatunguliwa mashariki mwa Ukraine, wakafa watu 298, na kundi la raia la Bellingcat, likitumia picha na video walizopakia watu wa kawaida mitandaoni, likafuatilia safari ya mtambo wa kombora hilo hadi kwenye brigedi ya jeshi la Urusi. Wachambuzi wenye vibali vya siri kuu walipaswa kujiuliza swali chungu: kazi yao ilibaki nini?

Jibu la kiutawala lilikuja katika mkutano wa viongozi mjini Warsaw, Julai 2016. Hadi wakati huo makao makuu yalikuwa na jiko la ujasusi la kiraia na jingine la kijeshi, kila moja na masufuria yake. Yakaunganishwa kuwa idara moja ya ujasusi na usalama, ya kwanza kuongozwa na msaidizi wa Katibu Mkuu aliyeteuliwa mahsusi kwa kazi hiyo, Mjerumani Arndt Freytag von Loringhoven. Tayari tangu 2006 kulikuwa na kituo cha kuchanganua habari za kijeshi huko Molesworth, Uingereza. Mageuzi ya namna hii hayana msisimko wa sinema. Kiini chake ni kwamba kanali na mwanadiplomasia wanalazimika kuandika ripoti moja yenye sentensi walizokubaliana, na mara nyingine sentensi hizo huvutaniwa hadi zikapoteza meno. Anayezisoma huona mwafaka, lakini haoni kila mara nani alikataa na kwa nini. Hilo ndilo doa kubwa la ujasusi wa pamoja, na Februari 2022 lilijionyesha.

Mpasuko mwingine hauko kwenye kompyuta wala kwenye bajeti. Nchi 23 ni wanachama wa NATO na wa Umoja wa Ulaya kwa pamoja, na majengo ya taasisi hizo mbili yako katika jiji moja. Bado hazibadilishani siri kwa uhuru. Cyprus imo katika Umoja wa Ulaya na haina makubaliano ya usalama na NATO. Uturuki, iliyomo NATO, haiko tayari kuyaruhusu. Mgogoro wa kisiwa tangu 1974 umekaa mlangoni mwa chumba cha siri cha Ulaya nzima.

Kabla ya uvamizi wa 2022, Marekani na Uingereza zilifanya kitu ambacho majasusi wa zamani wangekiita wazimu. Zilianza kuzitoa siri zao hadharani, moja baada ya nyingine: idadi ya wanajeshi, njama ya kutengeneza kisingizio, hata mpango wa kuweka serikali kibaraka Kyiv. Vita havikuzuiwa. Lakini kisingizio kilikufa kabla hakijazaliwa, na washirika waliokuwa na shaka walipoamka Februari 24 hawakuwa na la kubishania. Vikwazo na silaha vilijadiliwa kwa siku, badala ya miezi.

Ukraine yenyewe, ambayo si mwanachama, imegeuka kuwa mwalimu. Raia wake wanatuma mahali zilipo silaha za adui kupitia roboti ya mazungumzo kwenye Telegram, baada ya kuthibitisha utambulisho wao kwa programu ya serikali iitwayo Diia. Msafara wa magari ya Kirusi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 60 kaskazini mwa Kyiv, dunia iliujua kwa picha za setilaiti za kampuni ya Maxar. Askari wa mstari wa mbele hupokea video ya droni papo hapo, na muda kati ya kuiona shabaha na kuipiga umepungua kuwa dakika. Hakuna kamati ya watu 32 inayoweza kukutana kwa dakika hizo.

Ndiyo maana Machi 2025 NATO ilikamilisha ununuzi wa mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya Kimarekani ya Palantir, uitwao Maven, kwa ajili ya kamandi yake iliyoko karibu na Mons, Ubelgiji. Shughuli nzima, kuanzia kueleza mahitaji, ilichukua miezi sita, jambo la haraka mno kwa taasisi inayojulikana kwa makabrasha. Mashine hiyo husoma picha, ripoti na ishara kwa wingi ambao hakuna chumba cha wachambuzi kingeumaliza, kisha huweka mbele ya kamanda vitu vinavyostahili kutazamwa.

Tarehe zenyewe zina kejeli. Mwezi huohuo wa Machi, Washington ilisitisha kwa takriban wiki moja kuipa Ukraine habari za kijasusi, na Maxar nayo ikafunga mlango wa picha zilizokuwa zikiifikia Kyiv kupitia mfumo wa serikali ya Marekani. Mlango ulifunguliwa tena Machi 11 baada ya mazungumzo ya Jeddah. Ulaya ikapata kuhesabu, pengine kwa mara ya kwanza kwa dhati, ni kiasi gani cha pilau kilikuwa kinatoka kwenye sufuria moja.

Usiku wa Septemba 9 kuamkia 10, 2025, takriban droni 20 za Kirusi ziliingia anga ya Poland. Safari hii mfumo ulifanya kazi kama ulivyoandikwa. Ndege ya AWACS ya Italia ilikuwa juu, F-16 za Poland na F-35 za Uholanzi ziliruka, mitambo ya Patriot ya Ujerumani ikawa macho, na zile zilizohesabiwa kuwa tishio zikadunguliwa. Siku mbili baadaye NATO ikatangaza operesheni mpya ya ulinzi upande wa mashariki.

Asubuhi ile picha zilizozunguka zaidi zilikuwa za nyumba moja katika kijiji cha Wyryki, paa likiwa limebomoka, na wengi wakaamini ni droni iliyoangukia hapo. Karibu wiki moja ikapita. Ndipo gazeti la Rzeczpospolita likaandika kwamba kilichoipiga nyumba hiyo ni kombora lililorushwa na F-16 ya Poland yenyewe likakosa shabaha. Serikali ikajibu kwamba lawama zote ni za aliyetuma droni, na kwamba mengine yatasemwa uchunguzi ukikamilika.